Mwaka Tuliotaja Majina

Viti vya msiba wa Longino vilikuwa bado havijaondolewa, pale nyumbani kwake Kibaoni, Ifakara, mtu mmoja kutoka Michenga alipokuja kuulizia tela lake. Alikuja kwa adabu, sisemi vingine. Alivua kofia, akawapa pole wanaume waliokaa chini ya turubai, akapewa kiti na sahani ya wali, akala. Alipomaliza kunawa ndipo akamwinamia jirani yake na kusema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kwamba mpunga wake umeshakatwa, umelala shambani, mvua ya mwaka huu si ya kuamini, na tela la pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, alilotengenezewa na marehemu analiona pale uani limekwisha, limepakwa rangi hadi magurudumuni. Kwa nini hapewi? Mimi nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu, karibu na mlango wa sebule, nikichambua mchele wa chakula cha jioni, na masikio yangu hayajawahi kustaafu. Yule jirani akamjibu, "Vuta subira, kaka. Kuna pini moja haijatajwa."

Mimi si mtu wa kulia msibani. Nikifika natafuta kazi: nichote maji, nioshe masufuria, nigombane na wanaopika wali ukaungua. Wenzangu wananiita jiwe, nami nimezoea. Lakini niliposikia neno lile ungo ulinitoka mikononi na mchele ukatapakaa mkekani. Mama aliyekaa pembeni yangu akanishika bega, akadhani machozi ndiyo yamefika. "Lia tu, injinia," akaniambia. "Usijibane." Sikulia. Nilikuwa nimeduwaa, maana neno lile la kutaja pini nililisikia mara ya mwisho ujanani, kikosini, na nilidhani limekufa na ujana wenyewe. Longino hakuwahi kuniambia kwamba alilichukua akaondoka nalo.

Siku hizi nikisema nilisomea uhandisi jeshini vijana wanatazama mvi zangu na kuniuliza nilipiga bunduki gani. Sikupiga bunduki yoyote. Tulikuwa raia, wanafunzi sita, na chuo chetu cha Dar es Salaam kilikuwa na makubaliano na jeshi kwamba tusome shahada kwa njia ya uanagenzi. Muda fulani tunakaa darasani, muda fulani tunafanya kazi na kikosi cha wahandisi, na mwaka mmoja mzima ni wa kikosini tu. Jeshi linakulisha, linakulaza, linakufundisha, na ukihitimu unalitumikia kwa miaka ya mkataba. Ukivurunda kikosini, na chuo hakikutaki. Shahada imekwenda na maji. Tulijua hivyo, tukaweka saini, tukacheka. Ujana una kiburi chake. Longino ndiye aliyecheka kuliko wote, kijana wa milima ya Mahenge mwenye mabega ya mbeba magunia, anayepiga mluzi nyimbo za kwaya huku akikaza nati, na mwenye mkono mwepesi kwa chuma kuliko sisi wote. Kama kulikuwa na mmoja wetu aliyezaliwa awe injinia, ni yeye. Nilijua hivyo tangu wiki ya kwanza na nikamwonea wivu, halafu nikachoka kumwonea wivu, tukawa marafiki.

Mwaka wetu wa kikosini masika yalikuwa mabaya. Nyuma ya Michenga kuna mkono wa mto ambao kiangazi unaweza kuuvuka bila kuvua viatu, na mwaka ule uliondoka na kalavati lote, ukaacha shimo na maji yanayokwenda kwa hasira. Wakulima wa ng'ambo wakafungiwa huko na mpunga wao na wagonjwa wao. Kikosi kikaagizwa kuweka daraja la muda la chuma, na sisi wanagenzi tukapelekwa nacho. Tulilazwa kwenye ghala la zamani la mpunga, jumba refu la mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka, na harufu ya pumba iliyoingia kwenye mashuka, kwenye nywele, hadi kwenye chai. Mimi na Koplo Tatu, muuguzi wa kikosi, tulitengewa pembe yetu kwa turubai. Upande wa pili wa turubai hilohilo ilikuwa ofisi ya Kapteni Masele, yaani meza, kiti na taa ya chemli. Kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulimsikia akikohoa, akizungumza na redio, akimwimbia mtu fulani Kisukuma kwenye simu ya upepo alipodhani tumetoka. Na yeye nadhani alitusikia vilevile, maana asubuhi alikuwa akijibu maswali tuliyoulizana jioni tukiwa tumejifunika.

Chakula kilikuwa ugali na maharage, maharage na ugali, lakini Michenga si mahali pa kumwacha mtu ateseke. Akina mama walituletea samaki aina ya kitoga wa kukaushwa, ndizi, na mpunga mbichi ulipokuwa haujakomaa vizuri wakatuletea pepeta, ule mchele mchanga unaokaangwa na kutwangwa hadi unakuwa bapa, laini, wenye harufu ya shamba lenyewe. Longino aliweza kula pepeta akasahau jina la baba yake. Tulikuwa tunakaa kwenye ngazi ya ghala, bakuli katikati, miguu ikiwa na tope hadi magotini, tunabishana kuhusu uzito na mhimili na nani ameficha sukari. Nikiulizwa leo furaha ni nini, nitaitaja ngazi ile, na sitaongeza neno.

Daraja lenyewe lilikuwa la fremu za chuma. Unaunganisha fremu na fremu kwa pini nene kama kifundo cha mkono, na mwisho wa kila pini unabana klipu ndogo ili pini isichomoke lori linapotikisa. Klipu ile ni kitu kidogo, unaweza kuificha kiganjani, na pini isiyokuwa nayo itakaa leo, itakaa kesho, halafu siku moja haitakaa. Kapteni Masele alikuwa na utaratibu wake, sijauona kwingine kokote katika kazi zangu zote. Mmoja anagonga pini kwa nyundo. Mwingine, asiye yule aliyegonga, anavua glovu, anapitisha mkono mtupu nyuma ya fremu, anagusa pini, anagusa klipu, kisha anapaza sauti: anasema ni upande gani, na anataja jina lake. Kapteni popote alipo anajibu, "Nimesikia." Jina lisipotajwa, kazi haiendi mbele. Na siku ya kufungua daraja, wote waliotaja majina wanapanda lori la kwanza, limejaa mchanga, wanavuka nalo.

"Kwa nini jina, afande?" Longino alimwuliza siku ya kwanza. "Si inatosha kusema tayari?"

"Tayari ni ya nani?" Kapteni akajibu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa kusema, asiyepandisha sauti hata akikufokea. "Mimi siwezi kushika kila pini. Nikisikia jina, najua kuna mtu amesimama pale na mkono wake. Nikisikia tayari, nimesikia upepo."

Sasa chuoni tulikuwa na ugonjwa wetu, na nadhani vyuo vyote vinao: kujibiana. Mhadhiri anaita majina, mwenzako yuko kitandani au yuko kwa mpenzi wake, unaitika kwa niaba yake. Hakuna aliyeona ni dhambi. Ni wema, asiyemjibia mwenzake ndiye tuliyemwona mbaya. Longino alikuwa bingwa. Aliweza kuigiza sauti za darasa zima, na yangu ndiyo aliyoiweza zaidi, kwa sababu mimi naongea kwa pua. Mara ngapi nimesinzia hosteli huku nikihudhuria somo la hesabu kwa mdomo wa Longino! Tulipokuja kikosini tulivua viatu vya chuoni, tukavaa buti, lakini ule ugonjwa tulikuja nao na wala hatukujua kwamba tumeubeba.

Malaria ilinikamata mara ya kwanza tulipokuwa tunashusha fremu kutoka kwenye malori, nikakosa kazi hiyo yote. Nikapona, nikarudi, nikiwa mwembamba kama ufagio. Jioni moja tumekaa upande wetu wa turubai, mimi, Koplo Tatu na Longino aliyekuja kuazima sindano, tukamsikia Kapteni akiongea na chuo kwa redio. Alisema, "Yule binti, Skolastika. Akilala tena wakati wa kuunganisha nitamrudisha. Siwezi kumpima mtu kwa kazi ambayo hakuifanya." Kisha akasema jambo jingine kuhusu mafuta ya dizeli. Koplo Tatu alinitazama, akanipapasa goti. Longino alikuwa ameshika sindano na uzi, hakusema kitu, na kwa Longino kutosema kitu ilikuwa habari kubwa.

Homa ilirudi asubuhi ileile walipoanza kuunganisha. Nilisimama, nikavaa buti, nikafika mlangoni, magoti yakakataa. Koplo Tatu alinirudisha kitandani kwa nguvu, akanitundikia dripu kwenye msumari. Kapteni alikuwa ameshavuka na mtumbwi kwenda kusimamia upande wa ng'ambo, na alibaki huko hadi kesho yake. Kwa hiyo hakujua. Mvua ilinyesha mchana kutwa, ikigonga mabati. Nililala ndani ya chandarua, natetemeka, nikisikia nyundo kutoka mtoni, na baada ya nyundo majina ya wenzangu, mmoja mmoja, na kutoka mbali sana, "Nimesikia." Nililia siku ile, ndiyo, kwa kuwa kila jina lililotajwa lilikuwa si langu, na shahada yangu naisikia inaondoka. Halafu nikasikia, "Pini, kushoto, Skola!" Nikafumbua macho. Dripu ilikuwa inadondoka. Likaja tena, kwa sauti ya pua, "Pini, kushoto, Skola!" na kutoka ng'ambo, "Nimesikia." Nikajua homa imenipanda kichwani. Nikafumba macho nikaomba Mungu anipokee vizuri.

Asubuhi ya pili mvua ilikatika na homa nayo ikashuka, ikaniacha mtupu, mwenye njaa. Longino akaja, amenyoa ndevu, amevaa shati safi, ana bakuli la pepeta mkononi. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kula, mama injinia. Leo tunavuka."

"Mnavuka nyinyi. Mimi narudi Dar kupika maandazi."

"Hurudi popote," akasema, na uso wake ukang'aa kwa furaha. Sijawahi kuona mtu amefurahi kwa ajili ya mwingine namna ile. "Nimekujibia. Upande wote wa kushoto una jina lako. Mvua ilikuwa inanyesha, afande yuko kule, nani ataangalia ni mdomo wa nani? Wenzetu wote wamekubali. Hata ile pua yako niliitoa vizuri."

Nilicheka. Niseme ukweli, nilicheka kwanza, tena kwa nguvu, hadi mbavu zikauma. Kisha nikauliza, "Uligusa?"

"Niligusa."

"Zote? Na upande wako wa kulia aligusa nani?"

"Na wa kulia mimi, kwa zamu na wenzetu. Nilikuwa navuka huku na huku. Skola, jamani, nakuambia niligusa zote. Hebu kula."

Nilikula. Nilimwamini, na hilo naomba lieleweke, kwa sababu watu wachache niliowasimulia walidhani nilimtilia shaka. Sikumtilia. Longino akisema amegusa amegusa. Kama ingekuwa maisha yangu peke yangu, ningeyaweka juu ya neno lake na kwenda kulala.

Tulipofika mtoni watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Mgeni wa serikali alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mke wa mwalimu alikuwa akigawa soda, watoto wa shule wanaimba. Ng'ambo niliona kitanda cha kamba kimewekwa chini, juu yake kuna mgonjwa amefunikwa khanga, na wanaume wanne wamekichuchumalia, wanatazama lori letu. Kapteni Masele alikuwa amerudi kwa miguu juu ya daraja. Alisimama penye ngazi ya lori, na kila mmoja wetu alipopanda alimwuliza jambo moja tu, "Uligusa?" Wa kwanza akajibu, "Niligusa, afande," akapanda. Wa pili. Longino akajibu kwa sauti kubwa kuliko wote, akapanda, akanipa mkono kutoka juu ili anivute. Mkono wake ulikuwa na grisi nyeusi kwenye kucha, ile ya pini, ambayo hata mafuta ya taa hayaitoi kwa siku kadhaa. Wote mle juu walikuwa nayo. Nikatazama wa kwangu. Ulikuwa mweupe kabisa, mkono wa mgonjwa, umeoshwa na Koplo Tatu kwa maji ya moto, na plasta ya dripu juu yake.

"Uligusa?" Kapteni akaniuliza.

Nimeulizwa sana kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe kuliko walioniuliza. Ndani ya lori kulikuwa na dereva ambaye hakujua lolote, na baada yetu angekuja yule wa kitandani, na baada yake mpunga wa bonde zima, na wote wale walikuwa wanategemea kwamba Skola alisimama pale na mkono wake. Sikuyafikiri haya kwa maneno. Niliona tu ule mkono mweupe, na mdomo ukasema wenyewe. "Sikugusa, afande. Nilikuwa nimelala."

Watoto waliendelea kuimba kidogo, kisha wakanyamaza. Kapteni hakunikemea. Aliwashusha wote. Alimwendea mgeni, akamwinamia sikioni. Mgeni akatazama saa yake, akatazama mto, akaagiza soda nyingine. Kisha Kapteni akaniita mimi na Longino, tukaanza fremu ya kwanza upande wa kushoto. Nilivua glovu. Nilipitisha mkono nyuma ya kila fremu, nikigusa pini, nikigusa klipu, maji yakipiga kelele chini yangu, na kila mara nikataja jina langu, kwa sauti yangu mwenyewe ambayo ilikuwa imekauka kwa homa. Kapteni alikuwa hatua moja tu kutoka nilipo, lakini kila mara alijibu, "Nimesikia," kama vile yuko ng'ambo. Longino alitembea nyuma yetu. Kila pini niliyoigusa ilikuwepo. Kila klipu. Nilifika mwisho, na hakukuwa na kosa hata moja.

"Si nilisema, afande?" Longino akasema. "Zote zipo. Niligusa zote."

"Zipo," Kapteni akakubali. "Umefanya kazi nzuri sana. Lakini sikuuliza kama zipo. Niliuliza nani aligusa, na ulinipa mtu aliyekuwa kitandani." Akageukia mto. "Jana nilijibu mara zote hizo, Longino. Nilikuwa namjibu nani?"

Wenzetu wengine, waliokubali na kunyamaza, walipewa adhabu ya kuchimba vyoo vya shule, wakachimba. Mimi niliambiwa nipande lori, kwa kuwa sasa nilikuwa nimegusa. Tukavuka. Daraja lilikaa kimya kama barabara. Watu wa ng'ambo walipiga vigelegele, wakatuvuta mikono, kitanda cha kamba kikapandishwa. Niligeuka nyuma nikamwona Longino amesimama peke yake kwenye tope la Michenga, na alikuwa anapiga makofi. Alitupigia makofi, mjinga yule. Hilo ndilo hunijia nikiwa kwenye vikao, nikiwa kanisani, nikiwa nachagua nyanya sokoni.

Nilimkuta ghalani mchana akikunja shuka. Gari la kumrudisha Dar, bila shahada, lilikuwa linajazwa mafuta.

"Umeniuza, Skola."

"Ningefanyaje?"

"Ungepanda tu. Daraja ni zima. Umeligusa mwenyewe, ni zima."

"Ningekuwa peke yangu ningepanda, Longino. Haki ya Mungu ningepanda nimefumba macho."

Alikaa juu ya begi lake, akanitazama kwa muda. Nadhani alinielewa, na nadhani kunielewa hakukumsaidia chochote. "Nenda kamwambie afande," nikasema, "mwambie ni mimi nilikutuma." Akatikisa kichwa. "Huo sasa ndio utakuwa uongo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kidogo. Bakuli la pepeta lilikuwa bado pale kwenye ndoo. Alichota kiganja, akanisukumia lililobaki, akatoka. Nilisikia mlango wa gari. Jioni ile, ng'ambo ya turubai, Kapteni Masele hakuimba wala hakukohoa. Alikaa tu, na kiti chake kikalia kila alipojigeuza.

Nilihitimu. Nikatumikia mkataba wangu, nikahamia idara ya barabara Dodoma, nikazeeka na madaraja. Longino alirudi bondeni, akachomelea mageti Kiberege, kisha akaja kufungua karakana uani kwake Ifakara. Akaoa, akanialika, nikaja. Nilipopita kikazi nililala kwake, na watoto wake walinifahamu kwa jina la shangazi wa Dodoma, basi. Tulizungumzia bei za vyuma, presha, mafuriko, ubovu wa maaskofu na wa wabunge. Mwaka ule hatukuugusa hata mara moja. Daraja kubwa la mto Kilombero lilipofunguliwa alinipigia simu, akasema, "Nimelivuka leo. Ni zima," akakata. Hapo ndipo tulipokaribia zaidi.

Siku ya kuanua matanga, wageni wakianza kufunga mizigo, Fausta, binti yake mkubwa, alinikuta uani nikilizunguka lile tela. Fausta ndiye anayeongoza karakana sasa. Alikuwa ameshavaa ovaroli juu ya gauni la msiba. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu. Hili linasubiri nini?" Yule bwana wa Michenga naye alikuwa amerudi, kofia mkononi, pawatila yake imeshafungwa kwenye tela, na mafundi wawili wamesimama pembeni.

"Hapa hatutoi kitu mpaka kila pini itajwe," Fausta akasema. "Mmoja anafunga, mwingine anagusa kwa mkono mtupu na kutaja jina lake. Hii ya kuunganishia tela na pawatila alikuwa anaitaja Baba mwenyewe, halafu anapanda yeye kwanza, anazunguka nalo hadi barabara kuu. Mimi ndiye niliyeifunga, siwezi kujitajia. Na hawa mafundi ni wapya, Baba alikuwa hajawaruhusu kutaja."

"Alikuambia alijifunza wapi?"

"Jeshini. Tulimwuliza mbona aliacha, akasema alitaja jina la mtu mwingine. Tukamwuliza la nani." Akapangusa mikono kwenye ovaroli. "Hakusema. Alisema mwenye jina alikuja kulichukua, yakaisha."

Nilishika ubavu wa tela. Ndipo yule bwana, kwa upole wake uleule, akasema, "Binti, mtajeni marehemu basi. Kazi ni yake. Mtaje Longino, tumalize, mpunga unalowa." Watu waliokuwa karibu wakaitikia kwamba ni vyema, itakuwa heshima, mtu anatajwa kwa mara ya mwisho kwenye kazi ya mikono yake. Fausta akanitazama mimi. Injinia ni mimi, mkubwa ni mimi.

Nilitamani. Mungu anajua nilivyotamani kumjibia, mara moja tu, yeye aliyenijibia mimi upande mzima wa daraja kwenye mvua. Jina lilikuwa mdomoni. Nikavua saa na pete, nikampa Fausta. Nikapiga magoti kwenye vumbi la uani, magoti yakalia, nikapitisha mkono chini ya chuma. Pini ilikuwepo. Nikaifuata hadi mwisho wake kwa vidole, nikaikuta klipu, nikaivuta, haikuvutika. Nilipoutoa mkono ulikuwa mweusi kwa grisi hadi kwenye kucha.

"Pini ya kuunganishia," nikasema. "Skola."

Fausta alinitazama usoni, akatazama mkono wangu, akanitazama tena usoni kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Nimesikia."

Nikapanda. Fausta akawasha pawatila, tela likavutika, pini ikashika. Nililia kutoka uani hadi barabara kuu, mbele ya watu wote, na sikujificha.